Chumvi

Mimi ndiye ninayefua jezi za timu hii ya Mažeikiai,
mji wa kiwanda cha mafuta na theluji yenye masizi.
Mashine ninazo mbili, moja mbovu.
Matokeo ya mechi siyasomi gazetini.
Nayasoma makwapani.

Eimantas aliletwa Septemba, kwa mkopo,
kama mtu anavyoazimwa ngazi:
ukimaliza kupaka rangi, uirudishe.
Miaka kumi na tisa. Nilianza kufua hapa
mwaka alioanza yeye kulia.
Mita mbili na ushei, begi moja,
na mkataba ambao mama yake, huko Kaunas,
ameubandika kwenye friji.
Tulimpa namba thelathini na moja, iliyobaki.
Aliyeivaa kabla yake aliacha goti humo.

Mechi ya kwanza alinirudishia imekunjwa.
Ya pili, imekunjwa.
"Usihangaike nayo, Bi Danutė," akasema,
macho kwenye viatu vyake,
vikubwa kama mikate miwili myeusi.

Ya tatu ilikuja imelowa chapachapa.
Haya, nikasema moyoni, kocha amefungua mkono.
Nikaisogeza puani. Ndiyo kazi yangu, sioni haya.
Ilinuka bomba.

Jasho likikauka huacha mstari mweupe,
kama ukingo wa bakuli lililonywewa maziwa.
Maji ya sinki hukauka yakanyamaza.

Sikusema kitu.
Niliifua kama zile nyingine, nyuzi arobaini, sabuni ileile,
nikaianika kati ya jezi ya nahodha na ya yule Mserbia.
Mficha maradhi, wamesema, kifo humuumbua;
lakini yapo maradhi ya miaka kumi na tisa
ambayo kuyafichua ndiko kuua.

Oktoba, Novemba, kila Jumamosi aliilowesha.
Hata hilo alijifunza:
mwanzoni alilowesha kifua tu,
baadaye akagundua kwamba mgongo hutangulia.

Mishahara ikachelewa.
Nilimwona dukani akiweka maziwa, akayatoa,
akaweka jibini, akaitoa.
Mtu wa kikapu, kikapu kitupu.
Nikapita upande wa viazi asinione.

Usiku, taa kubwa zikishazimwa,
niliusikia mpira juu ya dari yangu:
du, du, kisha kimya, kisha wavu.
Kimya kile ndicho nilichokihesabu.
Ulipogonga chuma nilijua pia. Chuma hakina adabu.

Februari wakaja Šiauliai.
Nahodha akateguka kifundo, Mserbia akamaliza faulo zake tano,
na Kocha Vaidotas, wananiambia, alilitazama benchi
kama mtu anayetafuta funguo
katika mfuko asioutumia.
Dakika nne na sekunde kumi na moja.
Mimi nilikuwa chini na mashine zangu.
Ukumbi ulipiga kelele mara moja,
ukaguna mara tatu.

Hakuitupa kwenye tenga na za wenzake.
Alisimama mlangoni, ameishika kwa mikono miwili
kama mtu aliyeokota mtoto wa ndege.
"Tumefungwa."
"Najua."
"Nimekosa mitupo huru, yote miwili."
"Najua."
"Umejuaje?"
Nusura nimwambie yote, bomba, sinki, mgongo.
Ulimi ukarudi nyuma.
"Iweke hapo," nikasema.

Ilikuwa nzito. Chini ya namba, mkwaruzo wa damu,
mdogo, kama koma.
Usiku ule sikuifua.
Niliitundika vilevile ilivyo, nikazima taa.
Asubuhi mstari ulikuwa umetoka
kutoka kola hadi kiunoni, mweupe, umepinda.
Nikaupitisha kidole.
Kisha nikawasha ile mashine nzima.

Aprili Kaunas waliidai ngazi yao.
Sasa nasikia yuko Poland, daraja la pili,
dakika kumi na mbili kila mechi.
Sijui ni nani anayemfulia.